Spés Aliyebaki Kwenye Kadi

Columbus, 18 Januari 2015

Dada Angelika,

Pokea salamu zangu, na umgawie Elisée, pamoja na akina mama wa kwaya ambao bado wananikumbuka. Hapa sisi ni wazima. Mke wangu Alliance anakuamkia. Mtoto ameota meno mawili na sasa anauma kila kitu, hata kola ya koti langu la kazini. Baridi imeshika kwelikweli. Juzi gari liligoma kuwaka, nikafika ghalani Hilliard nimechelewa, na msimamizi akaangalia saa yake tu. Afadhali angenitukana.

Utacheka, lakini nimerudi darasani. Kuna chuo hapa kinachofundisha watu wazima Jumamosi, nami nimechukua historia ya kale. Mwalimu ametupa insha moja kubwa ya muhula mzima: utumwa na uraia chini ya makaisari wa Roma. Nikakukumbuka wewe. Je, unamkumbuka yule jemadari wa Matendo ya Mitume, aliyetaka Paulo apigwe mijeledi, kisha akaogopa aliposikia kwamba ni Mrumi? Yeye mwenyewe alikiri kwamba uraia wake ulimgharimu mali nyingi. Mbele kidogo anaandika barua kwa liwali na jina lake ni Klaudio Lisia. Mwalimu anasema hilo Klaudio ni jina la kaisari. Mgeni aliyepata uraia alichukua jina la yule aliyempa. Je, umewahi kuwafundisha hivyo watoto wako wa Jumapili?

Jambo la pili. Spés amenipigia simu kutoka Buffalo. Anasema amekupigia mara nne na hupokei. Anajaza fomu za uraia na kuna karatasi anataka uitie saini. Hakunieleza yote kwenye simu, nami sikumchimba. Tafadhali ipokee simu yake, Dada.

Mdogo wako,
Samsoni

Louisville, 8 Februari 2015

Samsoni mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Nimeanza na neno Columbus pale juu mpaka jina lako pale chini, na sikumwita mtu yeyote anisaidie hata mara moja. Miaka hamsini na miwili, na ndiyo kwanza najua raha ya kufungua bahasha yangu! Tena umefanya vizuri kuandika. Mambo ya kesi zetu za ukimbizi hayasemwi kwenye simu, maana simu za nchi hii zina masikio.

Sisi hatujambo. Elisée amekuwa mrefu kuliko jokofu. Namwambia kwa Kiswahili, osha vyombo, ananijibu “I got it, Mama”, na vyombo vinalala palepale. Duka la Wakongo huku South End limeleta ndagala, dagaa wa kwelikweli, wakubwa, wasio na mchanga. Ningekuwa na mtu wa kuja huko ningekutumia kilo moja ili Alliance aache kukulisha mikate.

Lisia namjua sana, ila hilo la Klaudio sikulijua. Jumapili niliwaambia watoto, na mchungaji aliyekuwa amesimama mlangoni akaniuliza nimelitoa wapi. Nikasema nina mdogo wangu msomi. Sasa ole wako ufeli hiyo insha.

Mimi tangu Septemba ni raia, kama ujuavyo. Picha ya kiapo nimeitundika sebuleni, nimevaa kile kitenge cha bluu. Wageni wakija wanaitazama kwanza, kabla ya kukaa.

Kuhusu Spés, namwombea. Kama aliijua njia ya kuondoka nyumbani kwangu bila kuaga, ataijua pia njia ya kujaza karatasi zake. Habari hiyo usiniletee tena.

Dada yako,
Mama Spés

Columbus, 22 Februari 2015

Dada,

Salamu. Theluji imefika magotini, lakini tu wazima. Mtoto ameanza kutambaa, na Alliance amepata kazi ya kuhudumia wazee huko Westerville, siku nne kwa wiki. Nashukuru kwa sifa mbele ya mchungaji, ingawa baada ya barua hii huenda ukazirudisha.

Nimezungumza na Buffalo tena, safari hii mpaka mwisho. Utaniwia radhi, nitaandika wazi. Yule si Spés. Anaitwa Butoyi. Spés wako alifariki kule kambini Mtabila, Tanzania, mwaka 2003, kwa malaria, akiwa na miaka kumi na mmoja, nasi tukamzika alfajiri bila kilio ili kiongozi wa bloku asimfute kwenye kadi ya mgao. Sisi hatukuwa wa kwanza. Kila mstari wa mahema ulikuwa na marehemu wake anayeendelea kupokea unga na maharage. Mwaka uliofuata ukamchukua Butoyi, mtoto aliyepotezana na watu wake walipokuwa wakikimbia vita. Ukampa mahali pa kulala jikoni, naye akachota maji, akaenda kuni, akatwanga muhogo. Mimi nikawa nakwenda shule. Halafu mwaka 2007 watu wa kesi ya Amerika wakaja kuwahoji wakimbizi wa kupelekwa huko. Kadi ilisema watu watano, na nyumbani tulikuwa wanne: marehemu shemeji Athanasi, wewe, mimi na Elisée. Tukamkalisha Butoyi kwenye kiti cha Spés, akafundishwa tarehe ya kuzaliwa ya Spés, akaisema bila kukosea. Amekuwa Spés mpaka leo.

Sasa fomu ya uraia inamuuliza kama amewahi kutumia jina lingine, na kama amewahi kumdanganya ofisa wa serikali. Anataka kujibu kweli. Mwanasheria anayemsaidia bure amemwambia kwamba yeye alikuwa mtoto, na waliompanga ni watu wazima. Mmoja wao akikiri hivyo kwa kiapo cha maandishi, itamsaidia sana. Mkuu wa kesi ni wewe.

Nilimuuliza, kwa nini usikae na jina hilo, mbona halikuumi? Akanijibu hivi: “Mjomba, kwetu Butoyi ni pacha wa pili. Hakuna anayeitwa Butoyi bila kuwa na Bukuru wake. Wazazi wamekufa, kijiji sikikumbuki. Jina langu ndilo peke yake linalosema tulizaliwa wawili.”

Huku darasani nimesoma kwamba mtumwa aliyeachwa huru na raia wa Roma alikuwa raia naye, lakini alibeba jina la ukoo wa bwana wake mpaka kaburini. Mara nyingi bado alidaiwa siku za kumfanyia bwana huyo kazi, na hakuweza kumshtaki bila ruhusa ya hakimu. Nikamkumbuka Butoyi pale kwenu Louisville, anasugua sufuria na sisi wote tumekaa mbele ya televisheni. Niliona aibu, nikafunga kitabu.

Samsoni

Louisville, 12 Aprili 2015

Samsoni,

Pasaka imepita, tumeimba, tumekula wali. Elisée amepata alama nzuri za hesabu. Mguu wangu wa kulia unavimba kwa kusimama kiwandani. Basi, salamu zimekwisha.

Nimekaa na barua yako wiki sita. Nimeificha chini ya godoro, kisha ndani ya pipa la unga, kisha nikaona aibu kumficha barua mtoto asiyejua hata kusoma Kiswahili. Umeniandika wewe. Umeandika nilivyomzika mwanangu, ukatia na mwaka. Kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyewahi kuandika jambo hilo popote, na wa kwanza ukawa wewe, kwa kalamu ya wino mweusi, katikati ya habari za theluji.

Unasema nilimtumikisha. Mimi nilimkuta kwenye uwanja wa mgao amekaa juu ya gunia tupu, ana funza miguuni. Nani mwingine alimchukua? Nilimlisha. Nilimlisha miaka minne kambini, na minne mingine hapa. Wakimbizi wa vita vya juzi kama yeye hawakuwa kwenye orodha ya Amerika, orodha ilikuwa yetu sisi wa ukoo uliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Bila jina la mwanangu angerudishwa Burundi kwa lori pamoja na wengine. Leo anavaa sare safi, anawahudumia wazee Buffalo, ana gari. Jina ndilo lililompa hayo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mimi nililea.

Na hicho kiapo, unajua kina nini ndani? Mimi nilikwisha kuapa. Niliulizwa kama nimewahi kudanganya, nikasema hapana, nimenyoosha mkono. Nikitia saini karatasi yake, wanalifungua upya faili langu. Na halafu wewe, msomi, umesahau kwamba mwaka ule wa mahojiano ulikuwa na miaka ishirini na ndevu kidevuni. Mtu mzima alikuwa ni mimi tu?

Nakuambia na lingine, kisha ninyamaze. Watu wote hapa wananiita Mama Spés. Mwanangu hana kaburi lenye alama, hana cheti, hana picha. Mahali pekee alipo hai ni kwenye karatasi za yule msichana. Siku nitakayotia saini, nitakuwa nimemwua kwa mkono wangu.

Angelika

Columbus, 19 Aprili 2015

Dada yangu,

Pole kwa mguu. Weka maji ya moto yenye chumvi, na uombe kiti kazini, sheria inaruhusu. Nisamehe nilivyoandika kuhusu Spés. Nilipaswa kuanza na pole, nikaanza na hoja. Mimi nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, na wewe unajua.

Lakini kuhusu chakula siwezi kunyamaza, maana wiki hii nimesoma jambo ambalo limeninyima raha. Zamani za Roma watu waliwatupa watoto wachanga, na wengine waliwaokota, wakawalea kama watumwa. Watoto hao wakikua, kama walizaliwa huru, waliweza kuudai uhuru wao. Gavana wa Bithinia, hiyohiyo Bithinia ya waraka wa Petro, akamwandikia Kaisari Trajano kumuuliza afanye nini na watu wa namna hiyo. Kaisari akajibu kwamba wanaodai uhuru wasikataliwe, na tena wasilazimishwe kuununua kwa kulipa gharama za chakula walicholelewa nacho. Kaisari mpagani, Dada, mwenye watumwa maelfu! Hata yeye aliona kwamba ugali si bei ya mtu.

Na ugali wenyewe ulikuwa wa nani? Kwenye kadi yetu ulikuwa wa marehemu. Na Butoyi alipokuja alikuwa na kadi yake ya mtu mmoja, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Mgao wake nao tuliupokea. Sisi ndio tuliokula kwake.

Hayo yote nimeyaandika kwenye insha, bila kutaja majina. Nimeandika kwamba anayemlea mtu ili amtumikie hana haki ya kudai shukrani. Naona wewe unajua la kufanya, ila hofu inakushika mkono. Tia saini, Dada. Mimi kesi yangu ya uraia bado haijajibiwa, jina langu likiingia humo sasa itakwama. Wewe umekwisha kuvuka.

Mdogo wako,
Samsoni

Louisville, 3 Mei 2015

Samsoni,

Salamu kwa Alliance na mtoto. Kwako wewe sina.

Umenihubiria vizuri. Nilisoma mpaka kwa Kaisari wako nikalia, maana ni kweli. Ile kadi ya mtu mmoja niliipokea mimi, kwa mikono hii, na kila siku ya mgao nilimwambia yeye ashukuru. Naona aibu. Nimeandika, unaona? Sikukimbia neno lenyewe.

Halafu nikafika pale unaposema mimi nimekwisha kuvuka. Nikaacha kulia. Nyani haoni kundule, mdogo wangu.

Nani alikuwa anajua kusoma katika nyumba yetu? Athanasi hakujua. Mimi sikujua. Butoyi hakujua, kwa sababu hatukumpeleka shule. Wewe ulikuwa unapita kwenye ubao wa matangazo na kutusomea: lini mgao, lini chanjo, nani ameitwa. Wiki ile ya mahojiano ulirudi nyumbani umelowa jasho, ukanivuta nyuma ya choo. Ukaniambia kuna karatasi ya watu wanaotafutana. Ukaniambia, “Dada, kuna Bukuru anamtafuta Butoyi.” Nikakuuliza tufanye nini. Ukasema, kesi itaharibika, tutabaki wanne kwenye kadi ya watano, watajua tumedanganya, watatutupa wote. Ukasema tunyamaze, Bukuru ataandika tena baadaye. Nilinyamaza, na mimi ndiye mkubwa, sijitoi. Lakini ulimi uliosema tunyamaze ulikuwa wako.

Umemwambia Butoyi hilo, mlipokuwa mkizungumza mpaka mwisho? Umeliandika kwenye insha? Kaisari alikujibuje hapo?

Huku kwenye redio wanasema Warundi wanavuka tena kwenda Tanzania, maelfu kwa siku. Kila nikisikia hivyo nafikiri huenda huyo Bukuru yumo kati yao, kama angali hai.

Angelika

Columbus, 28 Juni 2015

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mtoto amesimama, anashika meza. Alliance mzima.

Insha ilipata alama ya juu kuliko zote. Mwalimu alisoma kipande mbele ya darasa, kile cha Trajano, akasema mwandishi ana moyo wa haki. Watu wakageuka kunitazama. Nilitoka nje nikasimama chooni mpaka somo likaisha, na sikurudi kuichukua karatasi.

Sikumwambia. Nilitaka, kisha nikafikiri labda amekwisha kusahau, kisha nikaona ni heri asijue kuliko ajue na asiweze kufanya kitu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya kwa miaka minane. Ukweli ni mfupi zaidi: nilitaka kwenda Amerika. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule ya kambi, hakuna kazi, hakuna pa kwenda, na kati yangu na ndege alikuwepo mtoto mmoja aliyetafutwa na mwenzake. Nilichagua. Kila nilipomwona Butoyi Louisville nilimkasirikia bila sababu, umewahi kuniuliza mbona namkaripia. Sasa unajua.

Niliandika juu ya mabwana wa Roma kana kwamba naandika habari za watu wengine. Naona haya hata kuandika jina langu hapa chini.

Sijui la kukushauri tena. Usinisikilize mimi.

S.

Buffalo, 9 Agosti 2015

Samsoni mdogo wangu,

Usishangae anwani. Elisée nimemwacha kwa mama wa kwaya, nikapanda basi. Lilisimama Columbus dakika arobaini. Nilikaa dirishani nikatazama watu, na sikukupigia. Ningekuona ningeshuka, na ningeshuka nisingepanda tena.

Sikumwambia naja. Nilibisha, akafungua, akanitazama kama anayetazama barua isiyo yake. Nikasema, “Butoyi, hodi.” Akasema, “Ingia, Mama Spés.” Kama alivyoniita siku ya kwanza kambini. Chumba chake ni kisafi, kina kiti kimoja. Alinipa mimi kiti, yeye akakaa kitandani.

Kesho yake tulikwenda kwa mwanasheria. Mkalimani wa kwenye simu alinisomea kila mstari. Kuna mahali pa kueleza Spés wa kweli yuko wapi. Wakataka kuniandikia, nikakataa. Nikaandika mwenyewe, kwa Kiswahili: Spés, binti yangu wa kwanza, alifariki tarehe 14 Machi 2003, Mtabila. Herufi zikapanda na kushuka. Butoyi akanishikia karatasi isitembee. Nililia mbele ya wageni, Samsoni, kwa sauti, kile kilio nilichokimeza alfajiri ile. Hakuna aliyenizuia. Nilidhani nitakuwa nimemwua, kumbe nilikuwa namzika.

Wakaniambia huenda faili langu likafunguliwa, na huenda lisifunguliwe. Nikatia saini. Naogopa sana. Picha ya kitenge cha bluu nitaishusha nikirudi.

Halafu tulirudi chumbani, akapika muhogo, tukala. Nikainuka nioshe vyombo. Akasema, “Acha.” Nikasema nataka tu kusaidia. Akasema tena, “Acha, si lazima uoshe leo kwa sababu una aibu.” Nikakaa. Hapo ndipo nilipomwambia habari ya Bukuru na ile karatasi ya ubaoni. Nilisema mimi na wewe tulijua. Sikukuficha na sikukusingizia.

Hakulia. Hakunifukuza. Aliuliza jambo moja tu: “Ilisemaje? Maneno yake yenyewe.” Nikamwambia, mwanangu, mimi wakati ule sikujua kusoma. Akasema, “Leo usiniite mwanangu.” Nikamwambia aliyeisoma ni Samsoni. Tangu hapo haniulizi kitu. Anakwenda kazini, anarudi, ananiwekea chakula, na kila jioni anatazama kisanduku cha barua.

Nitakuwa hapa mpaka Jumapili ya tarehe 23. Andika.

Dada yako,
Angelika

Columbus, 14 Agosti 2015

Dada Angelika,

Alliance na mtoto wanakusalimu. Kwenye bahasha, chini ya jina lako, nimeandika “kwa Butoyi”. Ni mara ya kwanza naliandika jina hilo mahali ambapo mtu wa njiani atalisoma, na mama wa posta atalipiga muhuri kama jina la mtu yeyote.

Kiapo changu kimo humu. Nimekitia saini jana mbele ya ofisa wa viapo. Kesi yangu ikikwama na ikwame.

Aliuliza karatasi ilisemaje. Nakumbuka kila neno. Ilikuwa karatasi nyeupe, imeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, kwa Kirundi. Ilisema hivi:

“Mimi ni Bukuru. Niko kambi ya Lukole, Ngara. Namtafuta pacha wangu Butoyi. Tulipotezana kwenye mto Malagarasi watu walipokanyagana. Ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, uji ulimmwagikia, mimi ndiye niliyempokonya bakuli. Mama alifia njiani. Anayemjua amwambie niko hai, na kwamba kwa lile bakuli anisamehe.”

Chini kulikuwa na nambari ya kadi yake ya mgao: 4417, bloku D, Lukole. Kwa nambari hiyo watu wanaotafuta waliopotea wanaweza kuanza.

Ilibandikwa siku ya Jumatatu, mwezi wa Machi 2007. Mahojiano yetu yalikuwa Alhamisi. Butoyi alipita mbele ya ubao ule Jumatatu hiyo mara mbili, ndoo kichwani. Nilikuwa nimesimama pale.

Sasa kuna jambo ambalo hata wewe hulijui. Nilikuambia niliisoma. Uliamini kwamba ilibaki ubaoni, na kwamba labda mtu mwingine angeiona akamwambia, na ndiyo maana ulivumilia kunyamaza. Haikubaki. Jumanne asubuhi niliibandua mimi, nikaichana, nikaitupa kwenye shimo la choo.

Dada, barua hii mpe aisome mwenyewe, maana sasa anajua kusoma. Usimsomee, wala usimweleze kwa niaba yangu.

Samsoni